Nipe Mji

Jumamosi moja, kwenye bwalo la shule ya msingi mjini Tanga, niliuliza swali ambalo nimeliuliza kwa zaidi ya miaka ishirini bila kupata tabu: mji mkuu wa Burundi ni upi? Mvulana wa kundi la kushoto alinyoosha mkono kabla sijamaliza. "Bujumbura!" Nikatazama karatasi yangu, nikampa alama mbili, wenzake wakampigia makofi ya kilo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kwa swali linalofuata nilipoona msichana wa kundi la kulia amesimama na hakai.

"Mwalimu, samahani. Ni Gitega."

Mimi si mwalimu. Niliombwa tu kutunga maswali arobaini ya chemsha bongo, ya historia, jiografia na uraia. Lakini siku ile nilikalia kiti cha mwamuzi, na kiti hicho kina kiburi chake. Nikamwambia karatasi inasema Bujumbura. Akanijibu kwa adabu zote kwamba mjomba wake ni dereva wa lori, anashusha saruji Bujumbura mara kwa mara, na kila akirudi huwaambia nyumbani kwamba bandari iko Bujumbura ila serikali imehamia Gitega. Bwalo zima likacheka. Mwalimu mkuu akatoa simu mfukoni, akatafuta, akanipa nisome mwenyewe. Tangu mwanzoni mwa 2019, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi ni Gitega, na Bujumbura imebaki mji wa biashara.

Nikawanyang'anya wa kushoto alama zao mbili, nikawapa wa kulia. Nusu ya bwalo ikaninunia mpaka mwisho wa shindano.

Karatasi ile niliinakili kutoka kwenye kauntabuku ya jalada gumu ninayoitunza tangu nilipokuwa sekondari. Usiku huo niliifungua nikiwa na kalamu nyekundu. Zaire niliwahi kuikata mwaka 1997, nchi iliporudishiwa jina la Kongo, kwa hiyo hapo sikuwa na deni. Swaziland ilikuwa bado imekaa kwenye mstari wake kana kwamba Mfalme Mswati III hakuibadilisha kuwa Eswatini mwezi Aprili 2018. Kwenye "nchi kubwa kuliko zote Afrika" niliandika Sudan, jibu lililokuwa sahihi mpaka tarehe 9 Julai 2011, Sudan Kusini ilipojitenga na Algeria ikarithi nafasi hiyo bila kuongezewa hata shamba moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na nchi tatu, nikafuta nikaandika tano baada ya Rwanda na Burundi kuingia 2007, kisha nikasahau. Leo ni nane: Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Makao yake makuu yako Arusha, kilometa mia nne na kitu kutoka ninapoandika haya, na mimi nilikuwa nimepitwa na nchi tatu.

Kazakhstan ndiyo iliyonichosha. Alma-Ata ilikuwa mji mkuu. Mwaka 1997 serikali ikahamia Akmola, mwaka uliofuata Akmola ikaitwa Astana, mwaka 2019 Astana ikapewa jina la rais aliyeng'atuka, Nur-Sultan, na mwaka 2022 ikaitwa Astana tena. Mtunga maswali aliyelala usingizi mzito tangu 1998 angeamka akakuta jibu lake bado ni sahihi, wakati yule aliyekuwa akifuatilia kila mabadiliko alilazimika kufuta mara mbili.

Maswali ya namna hii ni kama tui. Unalikamua asubuhi, ukilisahau mezani jioni limechacha, na rangi yake haikuambii kitu mpaka uonje.

Hans Rosling, daktari wa Sweden aliyewahi kufanya kazi Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, alilionja tui hilo kwa kiwango kikubwa. Utafiti wa mwaka 2017 ulioandaliwa naye, mwanawe na mkwewe uliwauliza watu wapatao 12,000 katika nchi 14 maswali kumi na mawili kuhusu hali ya dunia: umaskini, chanjo, wasichana kwenda shule. Kila swali lilikuwa na majibu matatu ya kuchagua. Wastani wa majibu sahihi ulikuwa mawili tu. Rosling alipenda kusema kwamba sokwe, wakichagua tu kama watoto wanavyookota embe, wangepatia manne. Sijui sokwe wetu wa Gombe wangeichukuliaje sifa hiyo. Sababu aliyoitoa naiona hata kwenye kauntabuku yangu: watu wengi walijibu kwa dunia waliyofundishwa darasani miaka ya nyuma, nao walimu wao waliipokea kutoka kwa walimu waliowatangulia.

Nilipokuwa mdogo, adhabu ya kutojua ilikuwa mji. Babu alikuwa anakaa barazani baada ya isha, anasema "Kitendawili!" nasi tunaitika "Tega!" Tukishindwa hakutuomba shilingi wala hakutuchapa. Alisema, "Nipeni mji." Tukimpa Pangani alikataa, kwamba huko anakwenda kila wiki. Alitaka Lamu, Mombasa, Kilwa, na kaka yangu mkubwa, aliyekwishaanza kusoma ramani, akampa Cairo. Babu akafurahi. Akaanza: Cairo nilikwenda, nikapokewa kwa heshima, nikalala kitanda cha samadari, nikala mpaka nikasaza. Jibu alilitoa mwishoni, baada ya kuzunguka mji mzima ambao hajauona. Jiografia yangu ya kwanza ilianzia hapo: miji ilikuwa mali, na mwenye kujua mingi alikuwa na cha kulipia.

Shuleni mambo yakageuka. Mji ukawa jibu lenye alama moja, na alama moja ikawa inatenganisha aliyechaguliwa na aliyebaki. Na hapo ndipo tulipofundishwa jibu ambalo mpaka leo naliona la ajabu kuliko yote. Mji mkuu wa Tanzania? Dodoma. Tuliandika Dodoma, tukapewa vyema, kisha tukatoka nje tukasikia redio ikitangaza kwamba Rais yuko Ikulu, Dar es Salaam, amekutana na mabalozi walioko Dar es Salaam, na mawaziri wamerudi wizarani kwao, Dar es Salaam. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa na TANU Oktoba 1973, na mamlaka ya kuujenga mji huo ikaundwa mwaka uleule. Bunge lilitangulia. Wizara zilibaki pwani, na kila bajeti ilikuwa na sababu yake.

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yote inahama, na ikahama kweli. Mwaka 2018 Bunge likatunga sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Ikulu mpya ya Chamwino. Kwa hiyo kizazi changu kilipewa alama kwa jibu lililokuwa halijaiva. Bujumbura yangu ilichacha, Dodoma yetu ilivundikwa miaka arobaini na mitano.

Lipo swali la uhuru pia, nalo ni mtego hata kwa watu wazima. Tanzania ilipata uhuru lini? Mkono wa kwanza husema 9 Desemba 1961. Hiyo ni Tanganyika. Zanzibar ilipata wake 10 Desemba 1963, mapinduzi yakafuata Januari 1964, na tarehe 26 Aprili nchi hizo mbili zikaungana. Hakuna mkoloni aliyewahi kutawala nchi iitwayo Tanzania. Nimeona mabishano ya jambo hili kwenye kijiwe cha kahawa yakichukua muda mrefu kuliko vita vya Zanzibar vya 1896.

Na hivyo vita lazima nivizungumzie, kwa sababu ndilo swali letu lililosafiri mbali kuliko mengine. Nenda kwenye mchezo wowote wa maswali, katika baa za Uingereza au kwenye vitabu vya rekodi, utalikuta: vita vifupi kuliko vyote katika historia ni vipi? Jibu: Uingereza na Zanzibar, dakika 38. Watu hucheka, wanaandika alama, wanakwenda kwenye swali la wachezaji wa tenisi.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki. Kabla jioni haijaingia, binamu yake Khalid bin Barghash alikuwa ameshaingia ikulu na kujitangaza. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walimtaka mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid mpaka saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na atoke. Bandarini zilipangwa meli tano za kivita chini ya Admirali Harry Rawson. Ndani ya ikulu walikuwamo watu wapatao 2,800: askari, watumishi, watumwa, wafuasi. Saa tatu na dakika chache mizinga ikaanza. Jumba lile lilikuwa la mbao kwa sehemu kubwa. Meli ya Sultani, Glasgow, ilijibu mapigo, ikazamishwa palepale bandarini. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walifikia kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Dakika 38 zenyewe zina ubishi. Wengine huandika 40, wengine 45, kutegemea unaanza kuhesabu muda wa onyo ulipokwisha au bomu la kwanza lilipotoka, na unamaliza mizinga iliponyamaza au bendera ilipoanguka.  Ningependa kuona swali linalouliza dakika hizo zilihesabiwaje na waliokuwa chini ya boriti zinazowaka, ila najua mtihani wa namna hiyo hausahihishiki.

Kwenye kauntabuku nimelikata la dakika, nimeandika jingine: Khalid alitokaje Zanzibar bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar? Watoto wanalipenda hili kuliko yote. Ikulu iliposhindwa, Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakaweka askari nje, wakisubiri atie mguu nje ya geti wamkamate, kwa maana ndani ya ubalozi hawakuwa na amri. Wajerumani hawakuwa na haraka. Tarehe 2 Oktoba 1896 maji yalijaa mpaka kwenye geti la bustani ya ubalozi lililotazama bahari. Mashua ya meli yao ya kivita, Seeadler, ikasogea mpaka pale, na Khalid akapiga hatua moja kutoka kwenye ardhi ya ubalozi hadi kwenye mbao za Mjerumani. Akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakampeleka uhamishoni Shelisheli na kisiwa cha St Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927. Jibu moja lina sheria za kibalozi, majira ya maji na ramani ya wakoloni wawili, na mtoto wa Tanga anayejua kupwa na kujaa anaweza kulibahatisha bila kitabu.

 

Kuna majibu yasiyochacha kwa sababu hayakuwa kweli tangu mwanzo. La kwanza kwenye orodha yangu ni zawadi ya Kilimanjaro. Karibu kila mtu mzima ninayemjua amewahi kuniambia kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale kaskazini mwa mlima kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, mlima huo siku ya kuzaliwa, kwa vile bibi alikuwa na miwili na mjukuu hana. Ni hadithi tamu, na mimi mwenyewe niliiweka kwenye chemsha bongo mara mbili. Lakini mstari ule uliandikwa kwenye makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, na Wilhelm alikuwa bado hajawa Kaisari, alitawazwa 1888. Makubaliano yenyewe yanaanzia hapa kwetu, kwenye mdomo wa mto Umba, yanakwenda Ziwa Jipe, yanapita kati ya Taveta na Uchagga, yanazunguka mguu wa kaskazini wa mlima, kisha yananyooka mpaka ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria. Mawakala wa Kijerumani walikuwa wameshapita Uchagga mwaka 1885 wakikusanya alama za wenyeji kwenye karatasi za mikataba. Waingereza walikuwa wakiidai Taveta. Waliokaa mezani waligawana walichokuwa wameshakishika, na wenye mlima hawakualikwa.

Uongo wa chemsha bongo umewahi hata kufikishwa mahakamani. Mmarekani Fred Worth, mwandishi wa vitabu vya maarifa ya kila namna, alitega mtego kwenye kitabu chake: aliandika kwamba jina la kwanza la Columbo, yule mpelelezi wa televisheni mwenye koti chakavu, ni Philip. Alilitunga mwenyewe, makusudi, amnase mwizi. Kisha ukaja mchezo wa Trivial Pursuit, uliobuniwa Montreal mwaka 1979, na kwenye kadi zake likatokea swali la Columbo lenye jibu Philip. Mwaka 1984 Worth akafungua kesi akidai dola milioni 300. Wenye mchezo hawakukana kwamba kitabu chake kilikuwa miongoni mwa walivyovitumia. Akashindwa: mahakama ilisema ukweli wa mambo hauna mwenyewe, yeyote anaweza kuuchukua. Kilichonifurahisha ni kwamba alichoibiwa hakikuwa ukweli.

Kwa wengine maswali haya hayana mchezo. Miongoni mwa Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopelekwa Marekani kama wakimbizi, wapo wanaokaa jioni, baada ya zamu ya kiwanda, wakikariri idadi ya maseneta wa nchi hiyo. Mtihani wa uraia wa huko huulizwa kwa mdomo. Tangu 2008 orodha ilikuwa ya maswali 100, unaulizwa yasiyozidi kumi, ukipata sita umepita. Kwa walioomba kuanzia Oktoba 2025 orodha imekuwa 128, unaulizwa mpaka 20, unatakiwa upatie 12. Mzee wa miaka 55 aliyeishi huko kwa kibali cha kudumu kwa miaka 15 anaruhusiwa kujibu kwa lugha yake, mkalimani akiwa pembeni, kwa hiyo ziko ofisi za Marekani ambamo katiba ya nchi ile inaelezwa kwa Kiswahili cha Bukavu au Uvira.

Jambo moja nimewaonea wivu watunga mtihani ule. Penye swali la jina la rais, au la spika, hawakuandika jina. Wanamwelekeza mtahiniwa aangalie ni nani kwa sasa, wakijua uchaguzi ukipita jibu linachacha. Nimeanza kuwaiga. Mbele ya kila jibu kwenye kauntabuku naandika mwaka nilioliandika, na pale panapohitaji, nani kasema. Afrika ina nchi ngapi? Ukiuliza Umoja wa Mataifa utapata 54. Ukiuliza Umoja wa Afrika utapata 55, kwa sababu wao wanaihesabu Sahara Magharibi; kwa ajili hiyo Morocco ilijitoa kwenye umoja wa zamani mwaka 1984, ikarudi kwenye huu wa sasa 2017. Swali hilo sasa natoa alama kwa yeyote atakayesema 54 au 55, na alama ya pili kwa atakayesema kwa nini.

Muhula uliofuata shule ile ikaniita tena. Niliingia na maswali thelathini tu. Kumi nilikuwa sijaamua. Hakuna aliyeninunia safari hii, ila shindano lilichelewa kwisha kwa saa nzima kwa sababu ya ubishi, na mwalimu wa zamu akaanza kutazama saa yake kwa namna ya wazi wazi.

Viti vilipokuwa vinapangwa, yule msichana wa Gitega akaja na rafiki yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mzee wetu ana nyumba tatu: moja ya kuamuru, moja ya kubishana, moja ya kuhukumu."

Nikafikiri. Nikasema ni mume wa wake watatu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Nipe mji."

"Nakupa Gitega."

Akaipokea, akasimama wima kama babu alivyokuwa akikaa wima barazani. Gitega nilikwenda, akasema, nikala ndizi na maharage, nikalala, nikaota mzee wa Afrika Kusini: anaamuru Pretoria, bunge lake linabishana Cape Town, rufani zake zinahukumiwa Bloemfontein.

Nikampigia makofi ya kilo peke yangu. Kisha, kwa kuwa kile kiti cha mwamuzi kilikuwa bado hakijanitoka, nikamuuliza Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo inakaa mji gani. Hakujua. Nikamwambia: Johannesburg.

Akahesabu vidole. "Kwa hiyo mzee ana nyumba nne?"

"Hiyo ya nne," rafiki yake akasema, "labda amepanga."